Papa na taa wanatoweka kabla hawajaandikwa

Desemba 2023, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira Asilia, IUCN, lilitangaza kwamba taa mmoja mdogo wa kisiwa cha Java, nchini Indonesia, ametoweka duniani. Alikuwa na ukubwa wa sahani ya kulia. Wataalamu walimjua kwa samaki mmoja tu, aliyenunuliwa mwaka 1862 katika soko la samaki la Jakarta, mji ambao wakati huo ukiitwa Batavia. Baada ya hapo hakuonekana tena. Walimtafuta masokoni, wakachambua taa wanaoshushwa madikoni siku hadi siku, wasimpate. Huyo ndiye samaki wa kwanza wa baharini kutangazwa rasmi kwamba amemalizwa na binadamu.

Kati ya siku alipojulikana na siku alipotangazwa kutoweka ilipita miaka zaidi ya 150. Katika muda huo uvuvi wa kaskazini mwa Java uliongezeka mno na fukwe zake zikaharibiwa. Hakuna hati inayosema ni lini taa huyo alianza kuadimika, wala nani alimvua mara ya mwisho. Inawezekana kabisa wa mwisho wao alipita mnadani chini ya lundo la taa wengine, akauzwa asubuhi, akaliwa mchana, na hakuna aliyejua kilichopita.

Gazeti hili linaona kwamba jambo hilo linatendeka sasa hivi katika pwani yetu, kutoka Kiunga hadi Msimbati, na katika visiwa vyetu vyote. Tunawamaliza papa na taa, na tunawamaliza bila kuwaandika.

Nenda kwenye diko lolote ukaangalie daftari la mavuno ya siku. Changu wana safu yao. Tasi wana yao, jodari, nguru, kolekole, chewa na pweza kadhalika. Ukifika kwa hawa wengine, mara nyingi utakuta neno moja, papa, na pengine neno la pili, taa, na uzito wa jumla mbele yake. Magharibi mwa Bahari ya Hindi kuna aina zaidi ya 200 za papa na taa. Wapo wanaozaa watoto kumi kwa mwaka na wapo wanaozaa mmoja kwa miaka kadhaa. Wapo ambao bado ni wengi na wapo ambao wamebaki wachache kiasi kwamba kila mmoja anayevuliwa ni hasara isiyofidika. Wote wanaingia kwenye mstari mmoja. Hata takwimu ambazo nchi zetu zimekuwa zikipeleka kwa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, kwa miaka mingi sehemu kubwa yake imewajumlisha katika fungu moja.

Yako madhara, na yameshashuhudiwa kwingine. Katika Bahari ya Ireland aliishi taa mkubwa aliyevuliwa kila siku hata hakuna aliyemjali. Mwaka 1981 mtafiti Keith Brander alichapisha katika jarida la Nature taarifa iliyowashtua wataalamu wa uvuvi wa Ulaya: taa huyo alikuwa ameshatoweka katika bahari ile. Mabwana samaki wa huko hawakuwa wavivu, na daftari zao zilijazwa kila siku. Ila taa wa aina zote waliandikwa pamoja, na jumla haikupiga kelele, kwa sababu mkubwa alipopungua wadogo walijaza uzito wake kwenye mizani. Hao walikuwa watu wenye vyuo, meli za utafiti na bajeti. Sisi tunaoandika "papa kilo kadhaa" tunategemea nini?

Hebu tuwaeleze wasomaji ni nani hasa tunayemzungumzia, maana wengi wanamjua papa kwenye mchuzi wa nazi au kwenye filamu za kutisha, na hapo katikati hawana habari naye.

Papa na taa ni ukoo mmoja, ukoo wa samaki wasio na mifupa. Miili yao imejengwa kwa gegedu, kama ile iliyoko kwenye sikio la mtu. Kwa kuwa gegedu huoza upesi, historia yao imebaki zaidi kwenye meno na magamba. Huko Guizhou, kusini mwa China, meno ya jamaa zao wa kale yamepatikana katika miamba yenye umri wa miaka milioni 439. Wakati huo nchi kavu haikuwa na msitu hata mmoja. Misitu ya kwanza ilikuja makumi ya mamilioni ya miaka baadaye. Dinosaria walikuja baadaye zaidi, kiasi cha miaka milioni 230 iliyopita, wakaitawala dunia, wakaisha. Taa, wale wa miili bapa wanaojifukia mchangani, ni tawi lililojitokeza katika ukoo huu takriban miaka milioni 200 iliyopita, na leo tawi hilo lina aina nyingi kuliko papa wenyewe.

Dunia imepitia maangamizi makubwa matano ambamo viumbe wengi walifutika kwa mpigo. Miaka milioni 252 iliyopita bahari karibu ife yote. Ukoo huu ulivuka. Lakini tusijidanganye kwamba papa ni kiumbe asiyeumizwa na kitu. Kimondo kilipoipiga dunia miaka milioni 66 iliyopita, zaidi ya nusu ya aina za papa na taa zilipotea, na walioumia zaidi ni taa waliokuwa wakila konokono na chaza. Waliobaki walizaana na kugawanyika tena katika aina mpya, na kazi hiyo ilichukua mamilioni ya miaka. Huo ndio muda wanaouhitaji wakipigwa sana, na hakuna bajeti ya serikali wala mradi wa wafadhili unaoweza kuwapa.

Mwaka 2018 kundi la watafiti lilipanga nasaba ya aina zote za samaki hawa zilizojulikana, zaidi ya 1,100, ili kuona kila aina imejitenga na ndugu zake kwa muda gani. Wakakuta kwamba kwa wastani aina moja imebeba miaka milioni 26 ya historia ambayo hakuna kiumbe mwingine aliyeibeba. Binadamu wa leo hana umri wa zaidi ya miaka laki tatu hivi. Aina moja ya taa ikiisha Pemba au Lamu, hakuna mwingine aliyebeba kilichokuwa ndani yake.

Watanzania wanaweza kuuelewa uzito huu kwa haraka, kwa sababu walishaushika mkononi. Mwaka 2003 mvuvi wa Songo Mnara, Kilwa, alimvua silikanti, samaki ambaye hadi mwaka 1938 wataalamu waliamini ametoweka pamoja na dinosaria. Muda mfupi baadaye silikanti wakaanza kuvuliwa Tanga, mmoja baada ya mwingine, makumi kwa makumi. Habari zikazagaa duniani. Wataalamu walipofika na kuuliza samaki hao wanavuliwaje, wakaonyeshwa jarife, nyavu zenye matundu makubwa, zilizokuwa zikishushwa kwenye maji marefu kuwatafuta papa, kwani papa wa karibu walikuwa wameshaadimika. Mwaka 2009 Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ikaanzishwa Tanga. Lilikuwa jambo jema na tunalisifu. Lakini ndani ya nyavu hizo hizo, usiku huo huo, walikuwemo papa wa ukoo wenye umri kama wa silikanti. Silikanti akapigwa picha, akapimwa, akahifadhiwa. Papa akapelekwa mnadani.

Kwa nini kiumbe aliyevuka maangamizi yale ashindwe na wavu? Jibu liko kwenye uzazi wake.

Samaki kama tasi au chewa hutaga mayai kwa maelfu na kwa malaki, na wazazi wachache wakibaki wanaweza kuirudisha jamii yao baada ya muda. Papa hana uzazi huo. Pingusi, yule papa mwenye kichwa kipana kama nyundo, jike lake huchukua zaidi ya miaka kumi kabla ya kuzaa mara ya kwanza, na mimba yake hukaribia mwaka. Taa wakubwa wenye pembe kichwani huzaa mtoto mmoja, kisha wanaweza kukaa miaka miwili hadi mitano bila kuzaa tena. Katika maji baridi ya kaskazini ya dunia kuna papa wa Greenland ambaye watafiti walimkadiria mwaka 2016 kuwa anaishi kwa karne kadhaa na hapevuki hadi afikishe takriban miaka 150. Uzazi wa namna hii uliwafaa kwa mamilioni ya miaka kwa sababu papa mkubwa hakuwa na wa kumla. Leo anaye.

Sasa tuzitaje hesabu. Tathmini ya IUCN iliyochapishwa mwaka 2021 ilichunguza aina 1,199 za ukoo huu. Aina 391 zilikutwa hatarini kutoweka, na ukijumlisha makadirio ya zile ambazo taarifa zake ni chache, ni zaidi ya theluthi moja ya aina zote. Taa wana hali mbaya kuliko papa, jambo ambalo wengi hawalijui, maana taa haogopwi wala hasifiwi. Mwaka huo huo wa 2021 watafiti walionyesha kwamba papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu mwaka 1970. Nusu karne tu, umri wa mtu ambaye bado anafanya kazi. Uchunguzi mwingine uliotega kamera kwenye miamba ya matumbawe 371 katika nchi na maeneo 58 haukuona papa hata mmoja katika karibu mwamba mmoja kati ya kila mitano. Na sababu kuu, karibu kwa kila aina iliyo hatarini, ni moja: wanavuliwa kuliko wanavyozaliwa. Yako mengine, uharibifu wa mikoko, joto la bahari, taka, lakini hayo yanakuja nyuma ya uvuvi.

Turudi nyumbani. Anayetaka kuona kwa macho yake afike diko la Feri, Dar es Salaam, au soko la Malindi, Unguja, kabla jua halijapanda, siku ambayo mashua za jarife zimerudi. Papa wakubwa ni wachache siku hizi, na wanapotokea watu hukusanyika. Wanaoshushwa kwa wingi ni wadogo, na miongoni mwao wamo pingusi wa urefu wa mkono. Mgeuze mmoja chali. Kwenye koo, katikati ya mapezi mawili ya mbele, utaona mpasuko mdogo mwekundu ambao haujafunga. Hilo ni kovu la kitovu. Samaki huyo alizaliwa majuzi. Kipimo cha kujua kama papa ni mtoto kiko pale pale mwilini mwake, hakihitaji maabara wala mashine, na wachuuzi wenye uzoefu wanakijua. Watoto hao huvuliwa kwa wingi namna hiyo kwa sababu majike huja kuzaa kwenye maji mafupi ya ghuba na midomo ya mito, na hapo hapo ndipo nyavu zetu zilipo nyingi. Pingusi huyo IUCN imemweka katika kundi la walio hatarini zaidi, hatua ya mwisho kabla ya kutoweka. Kwenye daftari ameandikwa papa.

Yuko mwingine ambaye huenda daftari halitamwandika tena kabisa. Wazee wa delta ya Rufiji na wa pwani ya Lamu wanamjua papa upanga, yule mwenye pua ndefu bapa yenye meno pande zote mbili. Kwa elimu ya viumbe ni taa, si papa, lakini jina lake ndilo hilo. Alipenda maji ya tope, mikoko na midomo ya mito, na pua yake ilimponza, kwani ikigusa wavu inanasa na haichomoki. Aina zote 5 za samaki huyu duniani ziko hatarini. Utafiti wa mwaka 2021 ulikadiria kwamba ameshatoweka katika zaidi ya nusu ya nchi 90 alizokuwa akiishi. Afrika Kusini, ambako kumbukumbu zinatunzwa vizuri, wanajua kwamba alionekana huko mara ya mwisho mwaka 1999. Sisi tuna masimulizi ya wazee na vijana wanaosikiliza kwa mshangao. Nchi iliyoandika inajua mwaka. Sisi hatuna hata mwaka wa kuutaja.

Wanaofuata njia hiyo wako wazi. Wale wenye mwili wa nusu papa nusu taa, wenye pua ya kabari na mapezi makubwa meupe ambayo wanunuzi wa nje huyalipia kuliko mengine, walitathminiwa mwaka 2019. Kati ya aina 16, aina 15 zilikutwa ukingoni kabisa. Mmoja wao makazi yake ni maji yetu, kutoka Bahari ya Shamu hadi Afrika Kusini, naye anavuliwa kila wiki.

Hapa lazima tuseme la haki kwa wavuvi. Papa si anasa katika pwani hii. Papa mkavu alilisha watu kabla ya majokofu, na bado analisha nyumba ambazo nyama ya ng'ombe haifiki. Majahazi yalikuja na kaskazi yakiwa na shehena za papa wa kukaushwa kutoka Arabuni na pwani ya Somalia, na mafuta ya ini la papa, sifa, yalipakwa kwenye mbao za vyombo vilivyobeba biashara yote ya pwani hii. Mvuvi anayetega jarife usiku mzima hafanyi hivyo kwa chuki. Ana deni la mafuta, ana ada za shule, na tajiri wa mashua anamsubiri ufukweni. Kumfanya yeye mshtakiwa pekee ni dhuluma, na sheria iliyojengwa juu ya dhuluma hiyo haitafuatwa.

Tena yeye si peke yake baharini. Januari 2018, wakati wa Operesheni Jodari, meli ya uvuvi yenye bendera ya Malaysia ilikamatwa Mtwara ikiwa na mapezi ya papa waliokatwa. Wavuvi wa ngarawa waliiona habari hiyo na kuuliza swali la haki: wao wanaambiwa wapunguze nyavu, meli inayotupa ndoana kwa maelfu katika mtego mmoja nani anaihesabia? Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Victoria, Shelisheli, na ambayo Kenya na Tanzania ni wanachama, imeweka makatazo. Papa wenye mkia mrefu wamelindwa tangu mwaka 2010, papa wa bahari kuu mwenye ncha nyeupe tangu 2013, na taa wenye pembe tangu 2019. Katazo lina nguvu pale tu penye mtu wa kuangalia, na katika bahari kuu waangalizi ni wachache mno ukilinganisha na meli. Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu kule Zanzibar ipewe watu na vyombo vya kazi hiyo, isiwe ofisi ya kutoa leseni tu.

Wengi wameyaweka matumaini yao kwenye sheria za mapezi. Ni kweli ukatili wa kumkata papa mapezi na kumtupa akiwa hai ulistahili kupigwa marufuku. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Science ulionyesha kwamba pamoja na sheria hizo kuenea, papa wanaouawa na uvuvi kwa mwaka waliongezeka kutoka takriban milioni 76 mwaka 2012 hadi zaidi ya milioni 80 mwaka 2019. Mapezi yalibaki mwilini, na mwili ukauzwa wote. Sheria iligusa namna ya kumkata papa, haikugusa idadi ya papa wanaovuliwa. Nchi zetu zisinakili kosa hilo na kudhani zimemaliza kazi.

Kinachofanya kazi kinajulikana. Marekani iliweka mpango wa kusimamia uvuvi wa papa kwenye pwani yake ya Atlantiki mwaka 1993, wenye viwango vya mwisho vya kuvua. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba papa kadhaa waliokuwa wakiporomoka waliacha kuporomoka na baadhi wakaanza kurudi, polepole, kwa kasi ya uzazi wao. Mafia nako kuna somo. Potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye wengine kule Kenya humwita papa shilingi kwa madoa yake, hujikusanya karibu na Kilindoni hasa kuanzia Oktoba hadi Februari akifuata uduvi na dagaa. Wavuvi wa nyavu za kuzungushia humfuata kwa sababu alipo yeye ndipo dagaa walipo, na akiingia wavuni humtoa. Mitambo ya kufuatilia samaki iligundua kwamba potwe wengi hawaondoki kabisa maji ya Mafia, bali hushuka mbali na macho ya watu. Leo watalii huja kisiwani kuogelea naye, na wenye boti wanajua majira yake kuliko kalenda yoyote. Potwe wa Mafia wamepigwa picha mmoja mmoja na wanatambuliwa kwa madoa yao. Ndiyo sababu kila mwaka inajulikana nani amerudi na nani hajarudi.

Hilo ndilo tunalolidai kwa wengine, na tunalidai likiwa la kwanza kabla ya mengine yote. Kila diko kubwa liwaandike papa na taa kwa aina zao, kwa idadi na kwa urefu, na lieleze kama ni wakubwa au ni watoto wenye kovu bichi la kitovu. Watafiti waliowahesabu madikoni Kenya, Zanzibar na kaskazini mwa Madagascar walishaonya kwamba wanaovuliwa na wavuvi wadogo ni wengi sana kuliko wanaoripotiwa rasmi. Taasisi zetu za utafiti wa uvuvi, TAFIRI ya Tanzania, ZAFIRI ya Zanzibar na KMFRI ya Kenya, zina wataalamu wanaoweza kutayarisha karatasi ya picha yenye majina ambayo wavuvi wenyewe wanayatumia, pingusi aitwe pingusi na upanga aitwe upanga, ili mkusanya takwimu asilazimike kubahatisha. Vikundi vya usimamizi wa fukwe, BMU, na kamati za wavuvi za shehia zipewe kazi hiyo pamoja na malipo yake, kwani kujitolea bila posho hakudumu hata msimu mmoja.

Kuna sababu ya kisheria pia inayozibana serikali zetu. Mwaka 2022, mkutano wa Mkataba wa Kimataifa wa Biashara ya Viumbe Walio Hatarini, CITES, uliofanyika Panama, uliweka chini ya udhibiti sehemu kubwa kabisa ya papa ambao mapezi yao yanauzwa duniani. Tangu hapo nchi inayotaka kusafirisha nje bidhaa za papa hao inatakiwa ithibitishe kwamba uvunaji wake hauwadhuru. Afisa anayetia sahihi kibali hicho anategemea nini, ikiwa madikoni hajulikani ni papa yupi aliyevuliwa, wala wangapi? Hadi takwimu za kila aina zipatikane, gazeti hili linataka vibali vya kusafirisha mapezi, na matamvua ya taa wenye pembe yanayouzwa Asia kama dawa, visitolewe.

Wakati uandishi ukiendelea, maji ya kuzalia yasingoje. Wavuvi wa Ungwana, wa Rufiji na wa Kilwa wanajua ni ghuba zipi na ni miezi ipi watoto wa papa hunasa kwa wingi. Waitwe, wasikilizwe, na hapo jarife zipumzishwe kwa miezi hiyo. Pweza wameshafungiwa miamba kwa miezi kadhaa katika vijiji vyetu vingi kwa makubaliano ya wavuvi wenyewe, na wakifungua wanavuna zaidi, kwa hiyo fikra ya kufunga si ngeni. Tofauti ni kwamba pweza hukua kwa miezi, na papa kwa miaka. Faida ya kumwacha mtoto wa pingusi leo haitaonekana msimu ujao wala ule unaofuata. Kwa hiyo serikali isimwambie mvuvi asubiri kwa mikono mitupu. Atakayerudisha jarife apewe nyavu na ndoana za kuvulia samaki wanaozaana upesi, pamoja na fedha ya kuvuka msimu wa kwanza. Hiyo ni gharama halali ya bajeti ya uvuvi, na ni ndogo ukilinganisha na ahadi za uchumi wa buluu tunazozisikia kila mwaka.

Walaji nao wana neno. Anayenunua papa mbichi sokoni aulize ni papa gani na ana ukubwa gani, na akiona vichanga vya pingusi vimepangwa kwenye meza avikatae. Mnada husikiliza mnunuzi kabla haujasikiliza wizara. Wenye hoteli na migahawa wanaouza papa bila kujua ni aina gani wanaweza kumwondoa kwenye orodha ya vyakula wiki hii hii bila kungoja kanuni.

Kaskazi ikianza kuvuma na bahari ikatulia, jarife zitarudi majini kwa wingi. Tunawataka mawaziri wenye dhamana ya uvuvi wa Kenya, wa Tanzania na wa Zanzibar watangaze hadharani kabla ya siku hiyo ni madiko yapi yataanza kuwaandika papa na taa kwa aina zao, nani atawalipa wakusanya takwimu, na takwimu za miezi mitatu ya kwanza zitachapishwa tarehe gani. Gazeti hili litaziomba siku hiyo, na litazichapa kama zilivyo.